Dawa za Saikedeliki na Muziki wa Kisasa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Dawa za saikedeliki ni zipi, na zinatofautianaje na dawa nyingine za kulevya?

Ni kundi la kemikali zinazobadilisha namna mtu anavyoona, anavyosikia, anavyohisi muda ukipita na hata anavyojitambua mwenyewe. Zinazojulikana zaidi ni LSD, ambayo hutengenezwa maabara. Silosibini, iliyomo katika aina fulani za uyoga. Meskalini, inayotoka kwenye mpungate uitwao peyote. Na DMT, ambayo imo katika kinywaji cha ayahuaska cha watu wa Amazoni. Zote hushika vipokezi vya serotonini katika ubongo. Heroini humlegeza mtu na kokeini humchangamsha, lakini hizi huivuruga milango ya fahamu yenyewe, hata rangi ikaonekana kana kwamba inatoa sauti, na wimbo wa dakika tatu ukahisiwa kama wa saa nzima.

Jina la kundi hili lilibuniwa mwaka 1956 na Humphry Osmond, daktari wa akili Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi Saskatchewan, Kanada, katika barua alizoandikiana na mwandishi Aldous Huxley. Aliunganisha maneno mawili ya Kigiriki, moja la nafsi na jingine la kudhihirika. Huxley mwenyewe alikuwa amekwisha kuonja meskalini mwaka 1953, na mwaka uliofuata akachapisha The Doors of Perception, kitabu ambacho jina lake, lililotoka katika maandishi ya mshairi William Blake, linahusu hiyohiyo milango ya fahamu. Bendi ya The Doors ya Los Angeles ilijipatia jina lake hapo.

LSD ilitokaje maabara ya Uswisi hadi jukwaani?

Mkemia Albert Hofmann wa kampuni ya Sandoz mjini Basel aliitengeneza mara ya kwanza mwaka 1938, alipokuwa akichunguza kemikali za kuvu inayoota kwenye nafaka, akitafuta dawa ya kuchochea mzunguko wa damu. Haikuonekana kuwa na faida, ikawekwa kando. Aprili 1943 aliirudia, na chembe yake ikamwingia mwilini bila kukusudia. Siku tatu baadaye, tarehe 19 Aprili, akameza kwa makusudi mikrogramu 250, akidhani ni kiasi kidogo mno, kisha akarudi nyumbani kwa baiskeli akisindikizwa na msaidizi wake huku kila kitu kikipindapinda machoni pake. Kuanzia mwaka 1947 kampuni iliwapelekea madaktari dawa hiyo kwa jina la Delysid.

Kwa hiyo walioipata kwanza ni madaktari, kisha majasusi. Shirika la CIA la Marekani liligharamia kwa siri utafiti katika hospitali na vyuo, na mmoja wa waliojitolea kupimwa, katika hospitali ya maveterani ya Menlo Park, California, alikuwa kijana Ken Kesey, ambaye baadaye alipata sifa kama mwandishi wa riwaya. Kesey hakuiacha dawa hospitalini. Mwaka 1965 na 1966 yeye na wenzake walifanya mikesha ya wazi ambamo watu walipewa LSD, taa zikachezacheza ukutani, na bendi moja ikapiga bila ratiba wala mwisho uliopangwa. Bendi hiyo ilianza kwa jina la Warlocks, ikawa Grateful Dead, na ile tabia yake ya kunyoosha wimbo mmoja kwa nusu saa ilikomazwa katika mikesha hiyo. Yote haya yalifanyika LSD ikiwa bado halali. California iliipiga marufuku tarehe 6 Oktoba 1966.

Je, ni kweli kwamba dawa ndizo zilizotunga muziki ule?

Hapana, na hapa ndipo penye kosa kubwa katika simulizi nyingi za kipindi hiki. Dawa iliwapa baadhi ya wanamuziki jambo la kusimulia na hamu ya kulifanya lisikike. Kulifanya lisikike ilikuwa kazi ya mikono, masikio na mitambo, na mara nyingi ilifanywa na watu ambao hawakuwa wamelewa hata kidogo.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wimbo wa Beatles uitwao Tomorrow Never Knows, uliorekodiwa Aprili 1966 katika studio za EMI zilizopo barabara ya Abbey, London. Chanzo cha maneno yake ni kitabu ambacho Timothy Leary, aliyekuwa mhadhiri wa Harvard hadi mwaka 1963, aliandika na wenzake kama mwongozo wa safari ya LSD, wakifuata Kitabu cha Wafu cha Watibeti. John Lennon alikuwa ameshaonja dawa hiyo, tena mara ya kwanza bila kuulizwa: mwaka 1965 daktari wa meno aliyewaalika yeye na George Harrison pamoja na wenzi wao kwa chakula cha jioni aliwatilia katika kahawa.

Lakini ukiingia studioni, mambo ni mengine. Lennon alitaka sauti yake isikike kama ya Dalai Lama akiimba kutoka kilele cha mlima. Fundi wa sauti, Geoff Emerick, kijana wa miaka 20, aliitatua shida hiyo kwa kuipitisha sauti katika spika inayozunguka ya kinanda cha Hammond, jambo ambalo halikuwa desturi kwa sauti ya mwimbaji. Paul McCartney alileta vipande vya utepe alivyovirekodi nyumbani na kuviunga ncha kwa ncha viwe vitanzi. Kile kinachosikika kama shakwe wakilia ni kicheko chake kilichoharakishwa. Vitanzi vitano vilichezeshwa kwa pamoja katika mashine zilizotawanyika vyumba mbalimbali vya jengo, na wafanyakazi walisimama wamevishika kwa penseli ili utepe usilegee, huku kwenye meza ya kuchanganyia sauti vidole vikiinua na kushusha sauti ya kila kitanzi kwa wakati wake. Nikiusikiliza wimbo huo, ninachokiona ni zile penseli.

Na tunajua pia kilichotokea dawa ilipoingia studioni yenyewe. Jioni moja ya Machi 1967, bendi ikiwa kazini, Lennon alimeza LSD kwa bahati mbaya akidhani ni kidonge cha kumchangamsha. Alianza kujisikia vibaya, na prodyuza George Martin, asiyejua kilichomsibu, akampeleka juu ya paa apate hewa safi na kumwacha huko kwa muda. Wenzake walipotambua yuko wapi na katika hali gani, walipanda mbio kumteremsha kabla hajaanguka. Usiku huo Lennon hakuendelea kurekodi.

Muziki wa saikedeliki unatambulikaje masikioni?

Mara nyingi una sauti moja inayovutwa chini kwa chini bila kukatika, huku wimbo ukikaa kwenye kodi (noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) moja au mbili tu, kwa sababu kodi zisipobadilika msikilizaji hupoteza hesabu ya muda. Una mwangwi mrefu unaoifanya sauti ionekane kutoka mbali. Una utepe uliochezwa kinyumenyume, gitaa lililokwaruzwa kwa kifaa cha fazi au kuliliswa kwa kanyagio la wa-wa, na sauti zinazohama kutoka spika ya kushoto kwenda ya kulia.

Ala ya sitar ya India nayo ilitumika sana, na hapo palitendeka dhuluma ndogo ambayo haifai kusahauliwa. Ravi Shankar, gwiji wa ala hiyo, alilalamika kwa miaka mingi kwamba vijana wa Magharibi waliifungamanisha na ulevi sanaa ambayo kwake ilikuwa ibada na nidhamu, na ambayo mwanafunzi huisomea kwa miaka mbele ya mwalimu wake.

Je, nyimbo zilizofungiwa redioni zilihusu dawa kweli?

Baadhi ndiyo, baadhi la. BBC ilikataa kuupiga A Day in the Life wa Beatles mwaka 1967 kwa sababu hiyo. Lucy in the Sky with Diamonds ulishukiwa kwa kuwa herufi za mwanzo za maneno yake makuu ni L, S na D, ilhali Lennon alishikilia hadi mwisho kwamba ulitokana na picha iliyochorwa na mwanawe mdogo, Julian, kumhusu mtoto aliyesoma naye. Ninamwamini kuhusu picha, ingawa mandhari ya wimbo wenyewe hayafichi alikopita mtunzi wake. Eight Miles High wa The Byrds, wa mwaka 1966, uliondolewa na vituo kadhaa vya Marekani. Bendi ilisema unahusu safari ya ndege kwenda London, na baadaye baadhi yao wakakiri kwamba dawa nazo zilikuwamo. La kustaajabisha ni kwamba White Rabbit wa Jefferson Airplane, ambao mwimbaji wake Grace Slick alikusudia waziwazi uhusu vidonge na uyoga, ulipita redioni na kuingia katika nyimbo kumi bora za Marekani mwaka 1967, kwa kuwa ulijivika wahusika wa hadithi ya watoto.

Je, vijana wa San Francisco ndio waliogundua matumizi haya?

Sivyo kabisa. Waliwakuta wenyewe wakiwa nayo tangu kale, na si wote waliowatendea wema. María Sabina alikuwa mganga wa Kimazateki katika mji wa Huautla de Jiménez, milimani Oaxaca, Mexico. Kwake uyoga ulikuwa wa usiku wa tiba, mgonjwa akiwapo, na kilichoongoza usiku huo kilikuwa uimbaji wake uliodumu kwa saa nyingi. Mwaka 1955 alimruhusu Gordon Wasson, mfanyakazi wa ngazi ya juu wa benki ya New York, ashiriki. Wasson alirekodi nyimbo hizo, zikatolewa kwenye santuri mwaka 1957, na mwaka huohuo akasimulia habari zake katika jarida la Life. Alimbadilishia jina, lakini wageni walimpata. Walimiminika kwa mamia, polisi wakafuata, majirani wakamlaumu kwa kuuza siri yao, na nyumba yake ikachomwa moto. Hofmann wa Basel aliitenga silosibini kutokana na uyoga huohuo mwaka 1958, na kampuni ikaifanya dawa ya kuuza. María Sabina alifariki mwaka 1985 akiwa maskini.

Afrika nayo ina lake. Nchini Gabon, wafuasi wa Bwiti hutumia mzizi wa iboga katika kuingizwa jandoni kiroho, na usiku kucha hupigwa ngombi, kinubi cha nyuzi nane ambacho kwao si pambo la ibada bali ndicho kinachomwongoza anayesafiri na kumrudisha. Kokote nilikosoma kuhusu desturi hizi nimekuta jambo hilo: dawa haiachwi peke yake, muziki umeshikwa na mtu anayejua anakokwenda.

Wanamuziki weusi wa Marekani walikuwa na nafasi gani?

Kubwa kuliko wanavyopewa katika masimulizi ya kawaida. Jimi Hendrix ndiye aliyelipa gitaa lugha mpya, akisaidiwa na Roger Mayer, fundi wa elektroniki aliyewahi kufanya kazi za utafiti wa jeshi la majini la Uingereza, ambaye alimtengenezea kifaa kinachoongeza oktavu ya juu juu ya noti inayopigwa. Huko Detroit, prodyuza Norman Whitfield aliusikiliza muziki wa Sly and the Family Stone, akawageuza The Temptations waimbe soul yenye gitaa la wa-wa na midundo mizito; Cloud Nine, wa mwaka 1968, uliipatia kampuni ya Motown tuzo yake ya kwanza ya Grammy. Bendi ya Funkadelic chini ya George Clinton ilikwenda mbali zaidi. Katika wimbo wa Maggot Brain, uliotoka mwaka 1971, Clinton, akiwa ametumia LSD, alimwambia mpiga gitaa Eddie Hazel apige kana kwamba amepata habari za kifo cha mama yake, na Hazel akapiga peke yake kwa takribani dakika kumi. Ni vigumu kuusikiliza hadi mwisho ukabaki kama ulivyokuwa.

Mabango na taa za rangi zilitoka wapi?

Mabango ya ukumbi wa Fillmore wa San Francisco yana herufi zilizovimba na kuyeyukiana, kiasi kwamba hupaswa kusimama ili uyasome. Wengi hudhani mchoraji alilewa akachora alichokiona. Wes Wilson alizichukua herufi hizo kutoka kwa Alfred Roller, msanii wa Vienna wa mwanzoni mwa karne ya 20. Victor Moscoso alifundishwa na mtaalamu wa rangi Josef Albers katika Chuo Kikuu cha Yale, na alijua kwamba rangi mbili kinzani zenye nguvu sawa, zikikutanishwa, hulifanya jicho lishindwe kutulia.

Taa nazo zilikuwa ufundi wa mezani. Fundi alichukua vioo viwili vilivyobonyea kama vya saa ya ukutani, akamimina katika kimoja mafuta na maji yaliyotiwa rangi, akaweka cha pili juu yake, kisha akaviweka kwenye projekta ya darasani. Alipokibonyeza kioo cha juu kwa kufuata mpigo wa ngoma, mafuta yaliyakimbia maji, na ukuta mzima ulionekana kupumua pamoja na bendi.

Nani waliumia?

Syd Barrett, aliyeiongoza Pink Floyd katika albamu yake ya kwanza ya mwaka 1967, alianza mwaka huohuo kusimama jukwaani bila kupiga noti hata moja, na mapema mwaka 1968 bendi iliendelea bila yeye. Alikuwa ametumia LSD kwa wingi. Waliomjua hawakukubaliana kama dawa ndiyo iliyomvunja au iliharakisha ugonjwa uliokuwa ukimsubiri. Tarehe 5 Juni 1975 aliingia studioni walipokuwa wakirekodi muziki wa kumkumbuka yeye, amenenepa, amenyoa kichwa na nyusi, na kwa muda hawakumtambua. Baadhi yao walilia.

Roky Erickson wa 13th Floor Elevators, bendi ya Austin, Texas, iliyokuwa miongoni mwa za kwanza kujiita ya saikedeliki, alikamatwa mwaka 1969 kwa bangi kidogo. Ili kukwepa kifungo alijitetea kwamba hana akili timamu, akawekwa hospitali ya wagonjwa wa akili hadi mwaka 1972, ambako alipewa dawa na mishtuko ya umeme. Habari yake inaonyesha kwamba dawa haikuwa peke yake katika kuwadhuru. Adhabu na tiba za wakati ule nazo zilichangia.

Madaktari wanakubaliana kwamba mtu mwenye skizofrenia au ugonjwa wa hisia mseto katika ukoo wake yumo katika hatari kubwa zaidi, na kinachouzwa mitaani hakuna ajuaye ni nini hasa. George Harrison aliutembelea mtaa wa Haight-Ashbury Agosti 1967, akitarajia kukutana na wasanii walioamka. Aliwakuta vijana wachafu wamezagaa njiani, na akaiacha LSD.

Vipi kuhusu bangi?

Bangi haimo katika kundi hili kwa maana yake kamili, kwa kuwa hufanya kazi kupitia vipokezi vingine. Historia yake na reggae na imani ya Rastafari ni habari inayojitegemea.

Je, muziki huu ulifika Afrika?

Ulifika, na kwangu hiki ndicho kisa kinachofundisha zaidi. Katika miaka ya 1970 vijana wa Zambia, hasa wa miji ya machimbo ya shaba, walichukua magitaa ya fazi waliyoyasikia katika santuri na redio, wakayachanganya na midundo ya kwao, wakaimba kwa Kiingereza, Kibemba na Kinyanja. Rais Kenneth Kaunda alikuwa ameagiza kwamba asilimia 95 ya muziki wa redio uwe wa Kizambia, na agizo hilo likawafungulia njia. Mtindo huo unaitwa Zamrock. Bendi ya WITCH iliongozwa na Emmanuel Chanda, aliyejulikana kama Jagari, jina la Mick Jagger lililopewa sura ya Kizambia. Musi-O-Tunya, iliyobeba jina la maporomoko makubwa ya Zambezi, ilifanya sehemu ya kazi zake Nairobi.

Ule mkwaruzo na ule mwangwi ulisafiri kutoka London na California hadi Kitwe kwa santuri. Haukuhitaji kuandamana na kidonge chochote, na ulipofika ulieleza mambo ya hapo: uhuru, mgodi, kukosa kazi. Kilichouzima mtindo huo ni kuporomoka kwa bei ya shaba, na baadaye UKIMWI, ambao uliwaua wengi wa wanamuziki hao. Jagari alikuja kufanya kazi ya kuchimba vito. Amerudi jukwaani na wanamuziki wapya, na mwaka 2023 WITCH ilitoa albamu mpya.

Je, muziki wa asidi wa miaka ya 1980 ni mwendelezo wake?

Kwa jina zaidi kuliko kwa kemikali: asidi ni jina la mtaani la LSD. Kundi la Phuture la Chicago lilitoa mwaka 1987 santuri iliyojengwa juu ya TB-303, mashine ya Roland iliyokusudiwa kuziba nafasi ya mpiga besi na ambayo ilishindwa sokoni. Vijana waliipata kwa bei ndogo, wakazungusha vitufe vyake hadi ikalia kwa namna ambayo waliounda hawakuitarajia. Dawa iliyotawala dansi za Uingereza mwaka 1988 ilikuwa MDMA, ambayo ni ya jamii nyingine.

Sayansi ya leo inasemaje kuhusu dawa hizi na muziki?

Kwamba uhusiano wao si wa kudhania. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo cha Imperial, London, walionyesha kwamba watu waliopewa LSD waliguswa na muziki kwa hisia kali zaidi kuliko walipopewa dawa bandia. Kabla yao, Helen Bonny, mtaalamu wa tiba kwa muziki huko Maryland, Marekani, alikuwa akiwachagulia wagonjwa waliopewa LSD muziki wa kila hatua ya saa zile ndefu. Tafiti zilipozimwa aliendelea bila dawa, kwa muziki peke yake, na njia yake ingali inafundishwa. Tangu Julai 2023 Australia inawaruhusu madaktari wa akili walioidhinishwa kuagiza silosibini na MDMA kwa magonjwa maalumu, chini ya uangalizi.

Sheria za kwetu zinasemaje?

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 unadhibiti dawa hizi duniani kote. Tanzania kuna Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 1994. Kuzimiliki au kuziuza ni kosa lenye adhabu nzito.

Nianzie wapi kusikiliza?

Anza na albamu ya Amanaz ya Zambia, iitwayo Africa, ya mwaka 1975. Imo katika michanganyo miwili: wa kwanza mkavu, magitaa na sauti viko karibu nawe kama watu waliokaa chumba kimoja; wa pili umetiwa mwangwi mwingi. Vaa hedifoni na usikilize wimbo uleule katika michanganyo yote miwili. Wapigaji ni walewale, noti ni zilezile, rekodi ni ileile. Katika ule wa pili kuta za chumba zinatoweka na mwimbaji anakuita kutoka ng'ambo ya bonde, kwa sababu fundi mmoja alikizungusha kitufe cha mwangwi.